Kuondoa Stika Kuukuu kwenye Boti ya Faiba Bila Kuumiza Ngozi Yake

Anayenunua boti iliyokwisha kutumika hununua pamoja nayo maandishi ya mwenye chombo wa zamani: jina lililopauka, mistari ya buluu inayotoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, namba zisizohusika tena, pengine na tangazo la biashara iliyokwisha kufungwa. Boti hizo mara nyingi zimekaa juani miaka mingi kabla ya kufika kwetu pwani ya kusini ya Tanzania, Mikindani, Msanga Mkuu au Lindi mjini, na stika zake hazibanduki tena kwa urahisi kama zilivyobandikwa. Zimekauka na kupasuka vipande vidogo kama matope ya bwawa lililokauka, na ukizigusa kwa ukucha zinakatika bila kuinuka. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuziondoa kwa vifaa vinavyopatikana mjini kwetu, na namna ya kushughulikia kivuli kinachobaki baada ya stika yenyewe kuondoka, maana kwa wengi hicho ndicho kinachowasumbua zaidi.

Katika boti nilizokwisha kuzisafisha, makovu niliyoyakuta hayakuachwa na stika wala na gundi, bali yaliachwa na kisu. Boti yangu mwenyewe ya kwanza, ya futi 18, niliikwangua kwa kisu cha puti cha chuma kwa sababu nilitaka kuiwahisha majini kabla bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, haijaisha. Herufi zote zilitoka ndani ya saa moja. Nilipoiosha na kuitazama kwa mshazari, jua likiwa chini, niliona mikwaruzo mirefu imepita kila mahali palipokuwa na herufi, na kwa muda wote niliokuwa nayo mikwaruzo hiyo ilishika uchafu mweusi ambao sabuni haikuufikia. Saa moja ile ilinigharimu siku mbili za kupiga msasa baadaye, na bado haikurudi kama ilivyokuwa.

Ijue kwanza ngozi unayoigusa

Weupe unaouona nje ya boti ya faiba kwa kawaida si rangi ya kupakwa. Ni jelkoti, yaani tabaka la rezini lenye rangi ndani yake, ambalo hupuliziwa ndani ya kalibu kwanza kabisa, kisha mikeka ya nyuzi za kioo hufuata juu yake, na boti inapotolewa kwenye kalibu tabaka hilo ndilo linalokuwa nje. Unene wake ni mdogo, takriban kati ya nusu milimita na milimita 0.8. Kila unapoikwangua au kuipiga msasa unapunguza akiba hiyo, na ikiisha unaanza kuona nyuzi za kioo, ambazo zikikutana na maji ya chumvi hunyonya unyevu. Kwa hiyo kila uamuzi katika kazi hii hupimwa kwa swali moja: je, njia hii inaondoa stika peke yake, au inaondoa na ngozi?

Zipo hata hivyo boti za faiba zilizopakwa rangi baadaye, na hizo zinataka uangalifu wa aina nyingine kwa sababu rangi ya kawaida huyeyuka kwa vimiminika ambavyo jelkoti huvistahimili. Kutofautisha ni rahisi. Chagua mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya ukingo karibu na tezi, uoshe kwa sabuni na maji baridi hadi unga wote mweupe utoke, kisha pakishakauka upapanguse kwa kitambaa cheupe chenye tone la thina. Kitambaa kikishika rangi na mahali pale pakawa pananata, chombo kimepakwa rangi ya kawaida. Kitambaa kikibaki kisafi, au kikatoa unga kidogo tu, unashughulika na jelkoti au na rangi ngumu ya aina ya mchanganyiko wa vitu viwili. Usiruke hatua ya kuosha kwanza, kwa kuwa jelkoti iliyochoshwa na jua hutoa unga mweupe kama chokaa hata ukiigusa kwa kiganja kikavu, na unga huo umewadanganya wengi wakadhani ni rangi inayotoka.

Yale yasiyopaswa kuondolewa

Kabla ya kubandua chochote, maliza mambo ya karatasi. Namba ya usajili iliyo ubavuni ni kitambulisho cha chombo, na kuiondoa kabla ya uhamisho wa umiliki kukamilika kunaweza kukuletea maswali mazito ukikutana na wakaguzi baharini. Kwa upande wa Tanzania Bara, usajili wa vyombo vya majini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, na chombo cha uvuvi kina pia leseni na alama zake kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ulizia kwanza ni namba ipi inabaki na ipi inabadilika, kisha piga picha za pande zote mbili na za tezi, picha ambazo namba zinasomeka vizuri, uziweke pamoja na hati ya mauziano.

Angalia pia sehemu ya nyuma ya boti, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu. Boti zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani huwa na namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12 mahali hapo, na zile za Ulaya huwa na 14. Imechorwa ndani ya faiba au imebandikwa kama kibao, na ikikwanguliwa, boti hiyo inakuwa kama pikipiki iliyofutwa namba ya chesisi: hata ukiwa mtu mwaminifu utatiliwa shaka siku ya kuiuza. Kibao kinachotaja idadi ya watu, uzito na nguvu ya mashine ambayo boti inaweza kubeba nacho kiache kilipo. Kifunike kwa utepe wa karatasi ili kisidhurike.

Kupanga siku: maji, jua na upepo

Kazi hii haifanyiki boti ikielea. Wakati mzuri wa kuipandisha ni kilele cha bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji yakiwa yamejaa kabisa. Isukume juu hadi mahali ambapo mstari wa mwani na takataka umeachwa na maji. Siku zinazofuata maji yanaelekea kuwa mafu na hayatafika tena pale hadi bamvua ijayo, kwa hiyo unapata wiki moja na zaidi ya kufanya kazi bila kukimbizwa na bahari. Iegemeze kwa magogo na magunia ya mchanga pande zote mbili, isimame wima, kwa kuwa ubavu ulioinama chini hauoni jua na wewe utachoka shingo.

Jua ni msaidizi wa bure, ila linataka kupangiwa. Mtwara na Lindi ziko nyuzi kama 10 kusini mwa Ikweta, na kuanzia Oktoba hadi Februari jua la saa sita mchana huwa karibu na utosi. Wakati huo linapiga sitaha, halipigi ubavu. Katika miezi hiyo ubavu wa boti hupata joto zuri kati ya saa tatu na saa nne asubuhi kwa upande unaotazama mashariki, na kati ya saa tisa na saa kumi alasiri kwa upande wa magharibi. Juni na Julai mambo hubadilika: jua la mchana huegemea kaskazini, na ubavu unaotazama kaskazini hupashwa kwa saa nyingi mfululizo. Kwa hiyo ukiwa na uhuru wa kuchagua, igeuze boti yako kulingana na msimu kabla ya kuiegemeza, maana kuigeuza baadaye ni shughuli ya watu sita.

Mimi hupendelea Julai hadi Oktoba kwa kuwa mvua zimekwisha, ingawa kusi ikivuma sana hupoza ubavu na kurusha mchanga mahali ulipopaka mafuta. Turubai lililofungwa upande wa joshini, yaani unakotoka upepo, huondoa tatizo hilo.

Vifaa

Huhitaji duka kubwa. Andaa ndoo mbili na maji baridi ya kutosha, sabuni ya maji, fulana kuukuu nyeupe za pamba, glavu za mpira, draya ya nywele kama umeme upo, au birika na jiko la mkaa kama haupo. Andaa pia mafuta ya taa au tapentaini, mafuta ya kupikia kidogo, na spiriti. Kwa ajili ya kumalizia tafuta msasa wa maji namba 1000, 1500 na 2000, kompaundi ya kung'arishia inayouzwa kwa mafundi wa rangi za magari, na nta.

Kikwanguzi ninakitengeneza mwenyewe. Dumu la plastiki la lita 20 lililopasuka lina ukuta mnene unaofaa kabisa: kata kipande cha upana wa vidole vitatu na urefu wa kiganja, kisha noa ukingo mmoja kwa msasa hadi uwe kama patasi butu. Plastiki hiyo ni laini kuliko jelkoti, kwa hiyo kinachoisha ni kikwanguzi, si boti. Kata vipande vitano au sita kwa mara moja, kwa sababu joto huvilegeza na utavibadilisha mara kwa mara. Kadi ya benki iliyokwisha muda nayo inafaa kwenye kona za herufi.

Kuhusu vitambaa, neno moja: kipande cha khanga mpya si kizuri hapa. Rangi yake inaweza kuyeyuka kwa tapentaini au thina na kuingia kwenye vitundu vya jelkoti iliyochoka, nawe utabaki na doa jekundu mahali palipokuwa na herufi nyeusi.

Kupasha joto na kuvuta

Osha kwanza eneo lote kwa sabuni na maji baridi, ukiondoa chumvi na mchanga. Chembe ya mchanga iliyobaki chini ya kitambaa hukwaruza kama msasa, na huu ndio uharibifu ambao watu huufanya bila kujua kabla hata kazi haijaanza.

Stika za boti kwa kawaida ni za vinaili, na gundi yake mara nyingi ni ya akriliki. Gundi hiyo hulegea inapopata joto na hushika ikipoa. Vinaili nayo ilikuwa laini ilipokuwa mpya kwa sababu ya vilainishi vilivyochanganywa ndani yake. Jua likivitoa miaka hadi miaka, inakuwa kama ganda la yai. Joto huirudishia ulaini kwa dakika chache tu, na hizo dakika chache ndizo unazozitumia.

Kwa draya, shikilia umbali wa sentimita kumi hadi kumi na tano, uizungushe polepole juu ya eneo lisilozidi ukubwa wa sahani, kwa muda wa dakika moja hivi. Kipimo ni kiganja chako: ukiweza kugusa pale na kuhesabu hadi tatu bila kuondoa mkono, lakini usiweze kufika kumi, joto linatosha. Likizidi hapo unaanza kuilegeza rezini yenyewe. Ile mashine ya mafundi inayopuliza hewa ya moto hufika nyuzi 500 na zaidi, na ukiisimamisha mahali pamoja kwa sekunde chache inaweza kuifanya jelkoti iwe ya manjano au itoe malengelenge. Anayeimiliki aiweke kwenye kipimo cha chini kabisa na asiache kuitembeza.

Pasipo umeme, chemsha maji, chovya taulo, likamue kidogo ukiwa umevaa glavu nene, kisha libandike juu ya stika na kulifunika kwa mfuko wa plastiki ili joto lisipotee. Baada ya dakika mbili au tatu liondoe na uanze kazi mara moja. Njia hii ni ya polepole, lakini haiwezi kuiunguza jelkoti, na kwa anayeanza ninaiona bora kuliko draya.

Sasa sogeza ukucha au kona ya kadi chini ya ncha ya herufi. Hapa ndipo mkono unapofundishika. Wengi huishika ncha na kuivuta kuelekea kwao, mbali na ubavu, na stika hukatika au huacha gundi yote nyuma. Ikunje ncha ilale juu ya stika yenyewe, kisha uivute ikiwa imelala karibu sawa na ubavu, kama mtu anayemvua papa ngozi bila kuchukua nyama. Enda kwa mwendo wa upana wa vidole viwili kwa kila pumzi. Ukivuta kwa mwendo huo utasikia mlio mdogo wa kuendelea, kama karatasi inayochanwa chumba cha pili, na utaona ukanda mwembamba wa gundi unanyanyuka pamoja na vinaili. Mlio ukikatika na kuwa mipasuko, stika imepoa. Simama, pasha tena. Ukivuta vizuri gundi nyingi huondoka humo humo, na umejipunguzia nusu ya kazi inayofuata.

Si stika zote zinazotii. Vinaili iliyomiminwa ni nyembamba, kama milimita 0.05, na hata ikizeeka mara nyingi hutoka kwa vipande virefu. Vinaili ya bei nafuu iliyopitishwa kwenye rola ni nene zaidi, husinyaa na kupasuka, na ndiyo inayotoka kama magamba ya samaki. Ngumu kuliko zote ni stika zinazong'aa zikimulikwa na taa usiku, kwa sababu zina matabaka na la juu hutengana na la chini. Hizo zipashe kwa muda mrefu zaidi na uziingie kwa ukingo wa plastiki uliolala karibu sawa na ubavu, ukisukuma badala ya kuvuta.

Kwa magamba yasiyoisha lipo gurudumu la mpira linalofungwa kwenye drili, ambalo hufuta stika kama kifutio cha mwanafunzi kinavyofuta penseli. Linafanya kazi nzuri kwenye jelkoti ngumu ukiliendesha polepole na bila kulikandamiza. Lisikae mahali pamoja, maana joto lake hupanda ghafla na huacha alama ya mviringo. Kamwe lisifungwe kwenye grainda: grainda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, wakati magurudumu mengi ya namna hii yametengenezwa kwa mwendo usiozidi 4,000, na likipasuka usoni pako hakuna stika iliyokuwa na thamani hiyo.

Gundi iliyobaki

Kila aliyekula fenesi anajua kwamba utomvu wake hautoki kwa maji na sabuni. Unapaka mafuta mikononi kwanza, unasugua, kisha ndipo sabuni inapata pa kushika. Gundi ya stika ni hivyo hivyo. Anza na kitu cha mafuta, malizia na sabuni, na mwisho kabisa spiriti.

Loanisha kipande cha fulana kwa mafuta ya taa au tapentaini, kibandike juu ya gundi na ukiache kwa dakika tano hadi kumi badala ya kusugua papo hapo. Gundi itavimba na kugeuka kuwa kitu kinachovutika nyuzi kama mlenda. Ikusanye kwa kikwanguzi cha plastiki ukisukuma upande mmoja tu, ukifuta ukingo wa kikwanguzi kila mara, kisha rudia. Gundi nyembamba iliyobaki hutoka kwa kitambaa kipya chenye mafuta hayo hayo, na neno kipya nalisisitiza, kwa kuwa kitambaa kilichokwisha kushiba gundi huirudisha kwenye boti na kuisambaza. Kwenye boti iliyopakwa rangi tumia mafuta ya kupikia na uvumilivu zaidi. Yaache nusu saa yakiwa yamefunikwa kwa plastiki.

Thina na asetoni huyeyusha gundi haraka, na kwenye jelkoti iliyokomaa mpanguso mmoja wa haraka haudhuru. Lakini zikiachwa zikae huilegeza ngozi na kuipausha, na kwenye rangi ya kawaida huibeba rangi yote. Mimi huziacha kwa ajili ya madoa machache sugu mwishoni. Petroli usiitumie hata kidogo: mvuke wake huweza kuwaka hata katika baridi kali, na ufukweni daima yupo mtu wa karibu anayevuta sigara au anayechemsha chai. Mafuta ya taa nayo yana hatari yake, kwa hiyo zima jiko na ondoa draya kabla ya kufungua chupa yoyote. Joto na vimiminika havikutani katika kazi hii. Kazi ya joto imalizike upande mzima, boti ipoe, ndipo mafuta yaingie.

Acha pia sufi ya chuma ya kusugulia sufuria. Nyuzi zake ndogo hukatikia ndani ya vitundu vya jelkoti, na baada ya wiki moja ya chumvi utaona vidoa vya kutu ubavu mzima.

Mabaki yote, magamba ya vinaili na vitambaa vyenye mafuta, yakusanye juu ya turubai na uyapeleke nchi kavu. Tunafanya kazi kwenye mchanga ambao kamba na kaa wanaishi ndani yake, na kwa wenzetu wa Msimbati na vijiji jirani maji hayo yako ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Sitaki kuwa mtu aliyemwaga lita ya tapentaini mahali ambapo kina mama wanakuja kuokota chaza maji yakipwa.

Baada ya gundi kuisha osha kwa sabuni, suuza, kausha, kisha panguse kwa spiriti. Hakikisha kwa maji: mwagia ubavu maji safi. Yakitandaa kama karatasi moja, pako safi. Yakijikusanya matone na kukimbia sehemu fulani, bado pana mafuta au gundi hapo, hata kama jicho halioni.

Kivuli

Sasa utarudi nyuma hatua tano na kulikuta jina la zamani bado linasomeka. Wengi hapa hudhani gundi imebaki, wakaanza kusugua herufi zenyewe kwa nguvu, na wanavyozidi kusugua ndivyo jina linavyozidi kung'aa.

Sababu ni kwamba stika iliikinga ngozi iliyokuwa chini yake. Jua limeila jelkoti inayoizunguka kwa miaka, limeipausha na kuifanya iwe na unga, wakati chini ya herufi ngozi imebaki na rangi yake ya kiwandani. Mahali pagonjwa ni pale palipokuwa wazi, pembeni mwa herufi. Kwa hiyo kazi inafanyika pande zote, ukiishusha ngozi iliyochoka hadi ikutane na ile nzima.

Anza na kompaundi peke yake. Paka kiasi kidogo kwenye kitambaa laini au pedi ya mashine ya kung'arishia, ufanye eneo la nusu mita kwa nusu mita, ukizunguka kwa mkandamizo wa wastani hadi kompaundi iwe karibu kukauka, kisha ufute na utazame kwa mshazari. Kwa stika iliyokaa miaka michache hii mara nyingi inatosha. Ikiwa kivuli bado kipo, chukua msasa wa maji namba 1000, uukunje kwenye kipande cha sponji ngumu, uulowanishe kwa maji yenye sabuni kidogo, na upige kwa mistari ya mlalo. Chora kwanza mistari ya penseli juu ya eneo lote. Ikifutika yote kwa usawa, umepita kwa usawa. Usikandamize kwa ncha za vidole, maana kila kidole huchimba mfereji wake. Fuata na 1500 ukipiga kwa mshazari, kisha 2000, halafu kompaundi. Msasa mkavu uepuke: vumbi la rezini na nyuzi za kioo huwasha ngozi na si la kuvuta kifuani, na maji huliweka chini.

Karibu na kona kali za boti, na kwenye mistari iliyochomoza ya ubavu, jelkoti huwa nyembamba zaidi, kwa hiyo hapo tumia kompaundi tu. Ukianza kuona rangi inabadilika kuwa ya kijivu au ya kahawia yenye alama za nyuzi, simama papo hapo. Kuna vivuli, hasa vya rangi ya buluu au nyekundu kwenye jelkoti yenye rangi, ambavyo haviishi kabisa. Rangi ya jelkoti yenyewe imebadilika kwa kina, na njia ya busara ni kubandika jina jipya lililo pana kidogo kuliko la zamani juu yake.

Kwa boti iliyopakwa rangi njia ni fupi: kivuli kinaondoka kwa kupiga msasa na kupaka rangi upya upande mzima, kwa sababu kiraka cha rangi mpya juu ya ubavu uliopauka kitaonekana kutoka ng'ambo ya ghuba. Na kwa mashua za mbao zilizopakwa sifa miaka mingi, mafuta yale ya ini la papa, stika haishiki vizuri tangu mwanzo. Hizo zibandue kwa vidole na uzipake sifa tena.

Kumalizia

Jelkoti iliyong'arishwa iko uchi na itachoka upesi kuliko awali, kwa hivyo ipake nta mara mbili, mahali pasipo na jua, boti ikiwa imepoa. Acha wazi mahali ambapo namba na jina jipya vitakaa. Pazungushie utepe wa karatasi kabla ya kupaka, kwa kuwa nta, na zaidi polishi za magari zenye silikoni, huizuia gundi kushika, na nimeona namba zikidondoka ndani ya mwezi mmoja kwa kosa hilo.

Bandika asubuhi mapema, ubavu ukiwa mkavu kabisa na haujapata moto, ukiwa umeupangusa kwa spiriti na kuuacha ukauke. Anza katikati ya kila herufi na usukume hewa kuelekea ukingoni kwa kadi iliyofungwa kitambaa. Gundi mpya inahitaji siku moja hadi tatu kushika kikamilifu, kwa hiyo boti ibaki juu kwa muda huo, nawe uondoe magunia ya mchanga bamvua inayofuata itakapofika chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti.